Pakiti Inayoozea Kwenye Foleni: Draiva za Mtandao Katika Kerneli Huria

Kata ya Mbwera imo ndani ya delta ya Rufiji, wilayani Kibiti katika mkoa wa Pwani, mahali ambapo mto hugawanyika matawi mengi kabla ya kuingia Bahari ya Hindi, na ambapo mikoko, inayofunika takriban hekta 53,000 katika delta nzima, imefanya msitu mkubwa kuliko misitu yote ya aina yake katika Afrika Mashariki. Safari za huko hutegemea boti, mitumbwi na saa za maji kujaa na kupwa, simu nyingi huchajiwa kwa paneli za jua, na mawimbi ya mawasiliano humfikia mtumiaji baada ya kukata juu ya maji na katikati ya miti. Simu ya Android iliyo mkononi mwa mvuvi wa kamba au mkulima wa mpunga wa delta hiyo huendeshwa na kerneli ya Linux, ambayo kwa asili yake ni ileile inayoendesha kompyuta kubwa za vituo vya data vya Ulaya na Marekani. Kwa hiyo namna kerneli hiyo inavyozungumza na vifaa vya mtandao, na namna hitilafu zake zinavyosakwa na kutibiwa, ni jambo linaloihusu Mbwera moja kwa moja, hata kama wengi wa wanaolishughulikia huenda hawajapata kulisikia jina la mahali hapo.

Kerneli ni sehemu ya ndani kabisa ya mfumo endeshi, ile inayogawa muda wa prosesa na nafasi ya memori miongoni mwa programu zote, na ambayo peke yake ina ruhusa ya kugusa vifaa vyenyewe. Kwa kuwa vifaa ni vya kila namna na kila kiwanda kina taratibu zake, kerneli haiwezi kuvijua vyote kwa tabia moja, hivyo kwa kila aina ya kifaa huandikwa programu ndogo iitwayo draiva, ambayo upande mmoja inazijua siri za kifaa hicho na upande wa pili inatii lugha ya pamoja ya kerneli. Msimbo wa Linux, unaoandikwa zaidi kwa lugha ya C, una mistari zaidi ya milioni 30, na zaidi ya nusu ya mistari hiyo ni draiva. Neno huria katika muktadha huu lina maana ya kisheria: msimbo umetolewa kwa leseni iitwayo GPL, inayomruhusu mtu yeyote kuusoma, kuubadili na kuusambaza, kwa sharti kwamba anayesambaza programu iliyotokana nao aambatishe pia haki ya kuupata msimbo huo.

Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi mjini Helsinki, aliitangaza kazi yake tarehe 25 Agosti 1991 akidai kuwa ni jambo la kujifurahisha tu, na uwezo wa kuzungumza na mtandao uliingia mwaka uliofuata. Draiva nyingi za mwanzo za kadi za Etheneti ziliandikwa na Donald Becker, aliyekuwa akifanya kazi katika kituo cha Goddard cha NASA, ambako mwaka 1994 yeye na Thomas Sterling waliunganisha kompyuta 16 za kawaida kuwa mashine moja ya hesabu nzito waliyoiita Beowulf. Wasiokuwa na fedha za kununua kompyuta kubwa walipata njia ya kuikaribia nguvu yake kwa vifaa vya dukani, na kilichowezesha hilo, kwa kiasi kikubwa, kilikuwa draiva zilizoandikwa vizuri.

Ili kuelewa ugumu wa kazi hiyo inafaa kuifuata pakiti moja, yaani kifurushi kimoja cha data, tangu inapofika kwenye kadi. Draiva huwa imekwisha kuitengea kadi eneo la memori lililopangwa kama duara la nafasi, aghalabu mamia kadhaa, na kadi huandika pakiti katika nafasi iliyo wazi bila kuisumbua prosesa. Baada ya hapo hutuma intarapti, ambayo ni ishara ya umeme inayoilazimisha prosesa iache ilichokuwa ikifanya, ihifadhi mahali ilipofikia, na kukimbilia kuihudumia kadi. Utaratibu huu hauna neno maadamu pakiti ni chache. Waya wa gigabiti moja kwa sekunde, hata hivyo, unaweza kuleta pakiti ndogo zipatazo 1,488,000 kwa sekunde, na iwapo kila moja itaambatana na intarapti yake, prosesa itautumia muda wake wote kuitika wito pasipo kupata nafasi ya kuzisoma pakiti zenyewe, ambazo zitajaza duara na kumwagika. Kompyuta katika hali hiyo inaonekana imekufa ilhali inafanya kazi kwa nguvu zake zote. Mwanzoni mwa karne hii, ruta nyingi zilizojengwa kwa kompyuta za kawaida zilikuwa zikielemewa kwa namna hiyo hiyo.

Dawa yake iliwasilishwa mwaka 2001 mjini Oakland, California, katika andiko la watu watatu: Jamal Hadi Salim, Robert Olsson na Alexey Kuznetsov. Utaratibu walioubuni unajulikana kwa jina la NAPI. Unafanana na busara ya nahodha wa boti ya abiria anayetoka Nyamisati kuelekea visiwani, ambaye akisikia mtu wa kwanza yuko gatini hutia nanga na kuacha kupokea simu, akapakia wote waliopo hadi idadi fulani, na hufungua tena simu yake pale tu anapoona gati limebaki tupu. Kwa lugha ya kerneli, pakiti ya kwanza hutoa intarapti, draiva huzima intarapti za kadi hiyo, kisha kerneli huizungukia kadi na kuchota pakiti zisizozidi 64 kwa zamu moja. Zikichotwa 64 kamili, kadi hubaki katika orodha ya zamu, lakini zikipungua idadi hiyo huchukuliwa kuwa duara limekauka na intarapti huwashwa upya. Uzuri wa mpango huu ni kwamba kadiri mzigo unavyoongezeka ndivyo intarapti zinavyopungua. (Jamal Hadi Salim, ambaye baadaye alikuwa miongoni mwa waasisi wa mkutano wa Netdev uliofanyika kwa mara ya kwanza Ottawa mwaka 2015, ana kampuni nchini Kanada iitwayo Mojatatu, jina ambalo msomaji wa makala hii hahitaji kufafanuliwa.)

Ndani ya mpango huo mzuri mna ufa mwembamba, na waliouandika waliueleza wao wenyewe katika maelekezo yao kwa waandishi wa draiva. Baada ya draiva kulikagua duara na kulikuta tupu, hupita muda mfupi mno kabla haijawasha tena intarapti, na pakiti inaweza kuwasili ndani ya muda huo huo. Imechelewa kuonekana katika ukaguzi, na imewahi mno kupigiwa intarapti, kwa hiyo baadhi ya kadi huiacha ndani ya memori bila yeyote kujua kwamba ipo. Waandishi wale waliiita pakiti inayooza. Tiba yake ni kwamba draiva, baada ya kuwasha intarapti, irudi kuitazama kadi mara moja zaidi, na ikikuta kitu ijiandikishe upya katika zamu. Kuna kadi ambazo zenyewe hutoa intarapti pindi zinapowashiwa ikiwa kuna pakiti iliyobaki, na kuna zisizofanya hivyo, na tofauti hiyo hupatikana katika kitabu cha maelezo cha kiwanda, kama kitabu kinasema kweli.

Jambo la kutafakari ni mahali ambapo kosa la namna hii litaonekana. Katika maabara yenye trafiki nzito, pakiti iliyosahauliwa hufuatwa na nyingine baada ya sehemu ya milioni ya sekunde, hiyo ya pili inatoa intarapti, draiva inaamka na kuzichukua zote mbili, na hakuna mpimaji atakayegundua kitu. Kwenye kiungo kinachopitisha data kidogo, kwa mfano ruta ya shule au zahanati iliyo mbali usiku wa manane, pakiti inayofuata inaweza kuja baada ya sekunde nyingi, na wakati huo upande wa pili umekwisha kukata tamaa na kutuma upya. Mtumiaji ataona ukurasa umeganda kisha ukafunguka ghafla, naye atailaumu kampuni ya simu au mvua. Wingi wa trafiki huficha makosa ya aina moja ilhali uchache huyaweka wazi, na kwa kuwa vipimo vya viwanda hulenga kasi ya juu kabisa, mitandao ya polepole inabaki na ushahidi ambao vituo vikubwa havina.

Tanzania ina mfano halisi wa uhusiano huo kati ya kerneli na vijiji. Robert Olsson, yule yule wa NAPI, ndiye pia mwandishi wa pktgen, chombo kilichomo ndani ya kerneli kinachotengeneza pakiti kwa kasi kubwa ili kupima draiva na ruta. Akishirikiana na Björn Pehrson wa chuo kikuu cha teknolojia cha KTH cha Stockholm, na Amos Nungu wa Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam, DIT, aliyekuwa akisomea udaktari KTH na ambaye baadaye alikuja kuwa Mkurugenzi Mkuu wa Tume ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH, Olsson alishiriki katika utafiti wa mitandao ya maeneo yasiyofikiwa na huduma za kutosha. Uwanja wao ulikuwa mtandao uliojengwa chini ya mradi wa ICT4RD katika wilaya za Bunda na Serengeti mkoani Mara, ukitumia mkonga uliokuwa umepita katika njia za umeme za TANESCO. Hoja yao kuu ilikuwa kwamba ruta inaweza kuundwa kwa vipuri vya kawaida vinavyotumia umeme kidogo pamoja na programu huria, badala ya mashine ghali za viwanda vikubwa, na katika mahali ambapo umeme wa gridi hukatika mara kwa mara kila wati ina uzito. Si rahisi kuyajenga hayo kwa draiva usiyoweza kuifungua. Mtu anayetaka kujua kwa nini kadi inakula umeme hata pasipo pakiti lazima asome mistari inayoiamuru kadi ilale na iamke, na msimbo uliofungwa humnyima mistari hiyo.

Delta ya Rufiji ina masharti magumu kuliko Bunda, kwani mkonga ni ghali kuupitisha kwenye matope na mito inayohama, na kwa hiyo kompyuta ya ofisi ya huko mara nyingi haina njia nyingine ila simu au modemu ya kuchomeka kwenye tundu la USB. Modemu hizo zilienea Afrika Mashariki kuanzia mwishoni mwa miaka ya 2000, na zilikuwa na tabia ya ajabu iliyowasumbua watumiaji wa Linux kwa muda mrefu. Zikichomekwa, hujitambulisha kuwa ni diski ya CD yenye programu za Windows, si modemu, ili mnunuzi asihangaike kutafuta mahali pa kuzipata. Kila kifaa cha USB hujitambulisha kwa namba mbili, ya kiwanda na ya bidhaa. Huawei ni 12d1, na modemu zake nyingi huanza kwa kusema 12d1:1446, yaani diski, na baada ya kutumiwa ujumbe maalumu wa baiti 31 hujikata zenyewe kwenye USB na kurudi zikiwa na namba mpya, kama vile 12d1:1001, ambayo sasa ni modemu kweli. Programu iitwayo usb_modeswitch, iliyoandikwa na Josua Dietze, ndiyo inayotuma ujumbe huo, kisha draiva ya kerneli iitwayo option, iliyopewa jina la kampuni moja ya Ubelgiji, huichukua modemu iwapo namba yake imo katika orodha. Modemu mpya zaidi zilipata draiva ya qmi_wwan, kazi ya Bjørn Mork wa Norwei, iliyoingia katika Linux 3.4 mwaka 2012.

Namba isipokuwa katika orodha, modemu nzima hubaki bila kazi ingawa draiva inaifaa kikamilifu. Aliyekumbwa na hilo si lazima awe mhandisi ili ajaribu dawa: kerneli huweka faili liitwalo new_id, na mtu mwenye mamlaka ya mashine akiandika humo namba mbili za kifaa, draiva hukijaribu papo hapo. Jaribio likifaulu, marekebisho ya kudumu ni mstari mmoja tu wa kuongezwa kwenye msimbo. Maelfu ya mistari ya aina hiyo imeingia katika kerneli kutoka kwa watu waliokuwa na kifaa kimoja ambacho watunzaji wa draiva hawakuwa nacho.

Jua la delta nalo huleta majaribu yake. Modemu iliyo mbali na mnara hupandisha nguvu ya kutuma, na wingu likipita juu ya paneli huku betri imechoka, volteji hushuka kiasi cha modemu kuzimika na kutoweka kwenye USB katikati ya mawasiliano. Kwa draiva, huo ni wakati wa hatari kuliko wote. Kuna maombi ambayo yametumwa na hayajajibiwa, kuna memori iliyokopeshwa kwa kifaa ambacho hakipo tena, na sehemu nyingine ya kerneli inaweza kuwa inaandika pakiti kwenye nafasi ile ile ambayo sehemu ya kuaga inaiachilia. Mpangilio ukikosewa, memori iliyokwisha kuachiliwa hutumiwa tena, na kompyuta huanguka mara moja au, mbaya zaidi, huendelea na data iliyochafuka. Tangu mwaka 2015 kerneli ina kikaguzi kiitwacho KASAN, kinachozungushia memori alama za ulinzi na kuripoti mguso wowote usio halali pamoja na mstari uliouleta. Mwandishi wa draiva aliye na meza tulivu na umeme usiokatika huchomoa modemu yake mara chache sana, ilhali anga la Kibiti litaichomoa siku nzima bila kuombwa.

Usakaji wa hitilafu huanza kwa kusoma. Amri ya dmesg huonyesha maneno ya kerneli yenyewe, ukiwemo ujumbe maarufu unaotangaza kwamba foleni ya kutuma imepitwa na muda, ambao husababishwa na mlinzi aliyewekwa kuangalia kama kadi imenyamaza ikiwa na mzigo. Chombo cha ethtool huonyesha hesabu za kadi, kama vile pakiti zilizomwagika na zilizoharibika, na tofauti kati ya hizo mbili huelekeza lawama: zilizoharibika huashiria waya au redio, zilizomwagika huashiria prosesa au draiva. Iwapo toleo la zamani la kerneli lilikuwa zima na jipya ni bovu, programu ya git huruhusu mabadiliko yaliyo katikati yagawanywe nusu kwa nusu, hata mabadiliko elfu moja yakachujwa kwa majaribio takriban 10 tu hadi likabaki badiliko moja lenye hatia.

Dalili, hata hivyo, hudanganya, na hakuna kisa kinachoonyesha hilo kuliko kile cha draiva ya e1000e. Mwezi Septemba 2008, toleo la 2.6.27 likiwa bado katika majaribio, kompyuta zenye kadi za Intel zilianza kupoteza maudhui ya memori ndogo ya kudumu iliyomo katika kadi, ambamo huwekwa anwani na mipangilio yake, na kadi iliyopatwa na hilo haikuwaka tena. Macho yote yaliielekea draiva, na wahandisi wa Intel wakaanza kuifunga memori hiyo isiandikike. Mkosaji alipopatikana alikuwa ftrace, chombo kilichotengenezwa kwa ajili ya kusaka hitilafu. Kilikuwa kimeandika pembeni anwani za sehemu za msimbo ili baadaye kizibadili, zikiwemo sehemu za kuanzishia ambazo hutupwa zikishatumika. Anwani zilizoachwa wazi kwa njia hiyo zikagawiwa memori ya kadi. Chombo kiliporudi kuzikagua kilitumia amri ya prosesa inayolinganisha kisha kubadilisha, na amri hiyo katika prosesa za Intel huandika kwenye memori hata pale ulinganisho unapokataa, kwa hiyo kila ukaguzi ukawa ni maandishi juu ya kadi. Linux 2.6.27 ilitoka tarehe 9 Oktoba mwaka huo, na siku chache baadaye 2.6.27.1 ikakizima chombo hicho. Draiva ilikuwa imeshtakiwa kwa sababu tu maiti ilikutwa mlangoni mwake, na kama msimbo wa chombo na wa draiva usingekuwa wazi kwa pamoja, ni vigumu kuona ni nani angeunganisha pande hizo mbili.

Anayetaka kuingia katika kazi hii akiwa Tanzania hahitaji kwanza maabara. Programu ya QEMU huigiza kompyuta nzima ndani ya kompyuta, pamoja na kadi ya Intel inayoendeshwa na draiva ya e1000, hivyo mwanafunzi mwenye kompyuta ya kawaida anaweza kuivunja draiva kwa makusudi, akaiangalia inavyoanguka, na kuanza upya bila kuharibu kifaa. Marekebisho yake yakikamilika huandikwa kama kiraka, yaani orodha ya mistari inayoondolewa na inayoingizwa pamoja na maelezo ya sababu, na tangu mwaka 2004 lazima yabebe mstari wa mwandishi anayethibitisha kwamba ana haki ya kuyatoa. Watunzaji wa upande wa mtandao huyapeleka katika mkondo wa matengenezo ya haraka au katika mkondo wa toleo lijalo, na matoleo hutoka kila baada ya wiki 9 au 10. Ukali wa mapitio yao unajulikana na unawavunja moyo wengi, lakini kiraka cha mistari mitatu chenye maelezo timamu hupokewa kwa urahisi kuliko draiva kubwa ya kampuni yenye jina.

Njia ya kurudi, kutoka kerneli hadi Mbwera, ndiyo iliyo na vizuizi zaidi. Ruta za Linksys za aina ya WRT54G zilitumia Linux, na mwaka 2003 kampuni ililazimika kwa nguvu ya leseni ya GPL kuutoa msimbo wake, ambao mwaka uliofuata ulizaa OpenWrt, mfumo huria wa ruta ndogo unaotumika hadi leo. Lakini draiva ya Wi-Fi ya Broadcom iliyokuwa ndani yake ilibaki imefungwa, ikiwa imetengenezwa kwa kerneli ya mlolongo wa 2.4 peke yake, hivyo ruta hizo zilishikiliwa kwa miaka katika kerneli kuukuu hadi watu wa nje walipoichunguza kadi na kuiandikia draiva mpya, iliyoingia katika Linux mwaka 2006. Broadcom yenyewe ilitoa draiva huria kwa baadhi ya kadi zake mwaka 2010. Simu zipo leo mahali ambapo ruta zile zilikuwa wakati huo, kwani mtengenezaji huchukua toleo moja la kerneli, huongeza draiva zake za redio, na baada ya muda huacha kulitunza. Google imejaribu kutenganisha kerneli ya pamoja na draiva za viwanda kuanzia kerneli ya 5.10, huku watunzaji wa Linux wakitangaza mwaka 2023 kwamba matoleo ya muda mrefu yaliyokuwa yakihudumiwa kwa miaka 6 yatahudumiwa kwa miaka 2. Simu iliyonunuliwa ikiwa imetumika, na ambayo kiwanda chake kimekwisha kuisahau, haitakipokea kiraka kilichoandikwa wiki hii hata kama hitilafu inayotibiwa iligunduliwa kwa simu ya aina hiyo hiyo.